Mpimaji wa Vitabu Amwandikie Nani?

Kuna swali moja ambalo walimu hulibishania mara nyingi wakutanapo, nalo ni hili: mtu apewaye kazi ya kupima kitabu na kuandika maoni yake gazetini, yaani mhakiki, amwandikie nani? Wengine husema, awaandikie wale waijuao fani, maana wao peke yao ndio wawezao kuyapima maneno yake na kumrudi akikosea. Wengine husema, awaandikie watu wote wajuao kusoma, kwa kuwa gazeti ni la wote na fedha ya kulinunua imetoka mifukoni mwa wote. Mimi naona afadhali swali hili tusilijadili hewani, bali tulitazame katika jambo moja tulijualo, nalo ni mashairi ya Kiswahili. Kwa sababu hapo ndipo ugomvi wa namna hii ulipopiganwa kwa ukali, na hasara yake imetufikia hata sisi wa Berega na Mamboya, ijapokuwa hatukuhesabiwa miongoni mwa wapiganaji.

Hapo kale katika pwani yetu hapakuwa na mhakiki aliyekaa kando na washairi. Mshairi alipimwa na mshairi mwenziwe, tena kwa shairi. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki yapata mwaka 1840, alitunga juu ya ugomvi wa Mombasa na Lamu, juu ya watawala, na juu ya mambo ya nyumbani na ya mjini; na waliomsikia walijibu. Yasemwa juu yake kwamba ndiye aliyelitoa shairi msikitini akalipeleka sokoni. Nasi Wakristo wa huku tuna sababu ya kulikumbuka jina lake, maana mashairi yake mengi yasingalitufikia kama si juhudi za Mwalimu Sikujua wa Mombasa pamoja na Padre W. E. Taylor wa misheni ya CMS, misheni ile ile iliyoleta shule na kanisa katika Ukaguru. Hao waliyakusanya na kuyaandika, na mwaka 1940 William Hichens akayatoa katika kitabu. Sasa angalieni: pale sokoni aliyesikiliza alikuwa nani? Alikuwako fundi wa mashairi, na alikuwako mchukuzi wa mizigo aliyetua mzigo wake apumzike. Fundi alisikia vina. Mchukuzi alisikia ni nani aliyechomwa na maneno yale. Pengine mchukuzi naye alisikia vina bila kujua kuviita kwa jina. Hapana mtu aliyewaambia wachague ni nani kati yao shairi lile lilikuwa lake.

Lilipoanza gazeti la Mambo Leo huko Dar es Salaam mwaka 1923, desturi hii ilipata uwanja mpana zaidi. Lilikuwa gazeti la Serikali, walakini kurasa zake za mashairi zilikuwa za wasomaji. Makarani, walimu, na watu wa kazi mbalimbali, wa pwani na wa bara, walileta tungo zao, wakaulizana mafumbo na kujibizana. Aliyekosea mizani alirudiwa na mwenziwe mbele ya macho ya watu wote, na wasomaji wakajifunza kwa kutazama. Uhakiki wa namna hiyo ulikuwa na upungufu wake, maana ulishughulika mno na kosa la mtu na haukukaa kuliuliza shairi lina jambo gani la kutuambia. Lakini sifa moja ulikuwa nayo ambayo baadaye tuliipoteza: haukuwa na mlango wa kufungwa.

Mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki, ambayo pamoja na kazi nyingine ilisoma vitabu vilivyokusudiwa kwa shule na kuvipa kibali chake. Huyo naye alikuwa mhakiki, tena mwenye nguvu kuliko wote, lakini hakuandika kwa ajili ya wanaohitaji vitabu. Sisi tuliona kibali tu; hatukuona sababu. Sitakaa sana hapa. Natia neno hili kwa sababu mtu anaweza kudhani kwamba mhakiki ama huandikia mafundi ama huandikia umma, kumbe yuko na wa tatu, aandikaye kwa ofisi.

Nami nikiulizwa ni nani katika Kiswahili aliyelitenda vizuri jambo hili tunalolitafuta, nitamtaja Kaluta Amri Abedi. Alizaliwa Ujiji mwaka 1924, naye alikuwa shekhe wa Kiislamu na baadaye akawa Meya wa Dar es Salaam. Tofauti ya dini isituzuie kuona wema wa kazi yake. Mwaka 1954 alitoa kitabu kiitwacho Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri. Watu wengi waliokuja baadaye wamemsema Amri Abedi kana kwamba alijenga ukuta, wakidhani ya kwamba kwa kuziandika sheria za vina na mizani aliwafungia watu nje. Mimi naona kinyume chake. Kabla ya kitabu kile, mtu aliyezaliwa mbali na pwani, asiyekuwa na babu mshairi wa kumrithisha kunga hizo, alizipata wapi? Alizisikia nusu nusu, akabahatisha. Amri Abedi alichukua kitu kilichokuwa siri ya ukoo na ya baraza, akakiweka katika kitabu ambacho mwalimu wa shule ya kijijini angeweza kukifungua mezani, akakuta humo mshororo ni nini, kina cha kati kiko wapi, na kwa nini shairi halina budi kuimbika. Hicho ni kitabu cha fundi kilichoandikwa kwa ajili ya asiyekuwa fundi. Sikubaliani naye katika yote, hasa pale watu walipotaka kuifanya sheria yake iwe kama torati. Lakini mlango aliufungua yeye.

Basi tuje katika ugomvi wenyewe. Mwaka 1973 Mugyabuso Mulokozi na Kulikoyela Kahigi walitoa Mashairi ya Kisasa, na mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi, mwana wa Namagondo katika Ukerewe, akatoa Kichomi. Katika vitabu hivyo yalikuwamo mashairi yasiyofuata vina wala mizani. Wakubwa wa ushairi walikasirika. Saadani Kandoro, mmoja wa waliokianzisha chama cha TANU mwaka 1954, alikuwa miongoni mwa watetezi wa kanuni za zamani. Na kule Kenya Shihabuddin Chiraghdin naye alikuwa upande huo. Walisema kwamba utungo usio na vina wala mizani si shairi, huenda ukawa guni tu, yaani shairi lililoharibika. Vijana wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakajibu kwamba vina na mizani si uti wa mgongo wa ushairi, bali ni mapambo yaliyokuja na historia.

Sitaki leo kuamua nani alishinda. Nataka tuangalie kila upande ulikuwa ukisema na nani. Wale wa upande wa kwanza walihesabu. Walichukua shairi, wakahesabu mizani zake, wakaona hazikutimia, wakaitupa karatasi. Maneno yao yalimfaa mtu anayetunga tayari na kushindana. Wale wa upande wa pili walileta majina ya nadharia kutoka Ulaya, na makala zao zilikaa katika majarida ya Chuo Kikuu, kama Kiswahili na Mulika, ambayo hata mwalimu wa kijijini huyaona kwa nadra, sembuse mkulima. Maneno yao yalimfaa mtu anayejiandaa kwa mtihani wa digrii. Kila kundi lilikuwa na wapenzi wake, likawaandikia wapenzi hao, likasifiwa na hao hao.

Na hapa pana ajabu. Kezilahabi mwenyewe alieleza kwamba alitaka kuandika kwa lugha ambayo watu huitumia katika mazungumzo yao ya kila siku. Yaani nia yake ilikuwa kumkaribia mtu wa kawaida. Lakini mashairi yake yalikwenda wapi? Yalikwenda darasani na Chuo Kikuu. Na yale mashairi ya vina, yenye maneno ya kale na ya pwani ambayo mara nyingine hata mwenye kuyaimba hajui maana yake yote, ndiyo yaliyoendelea kuimbwa redioni katika kipindi cha Malenga Wetu na kuchapwa katika gazeti la Uhuru, yakitungwa na watu wa vijijini, askari, na mafundi wa kushona. Kwa nini ikawa hivyo? Sababu moja bila shaka ni kwamba shairi la vina laimbika, na Mwafrika hupokea kwa sikio kabla ya jicho. Lakini naona iko na sababu nyingine. Mashairi ya namna mpya hayakupata mpimaji wa kuyaleta huku kwetu. Waliyoyapenda waliyapenda kwa Kiswahili cha Chuo Kikuu, na waliyoyachukia waliyachukia kwa kuhesabu. Hapakutokea mtu wa kusema kwa maneno mepesi: jamani, humu mna jambo hili na hili, lisomeni muone.

Nitatoa mfano, ili nisionekane nasema maneno matupu. Katika Kichomi mna shairi liitwalo "Dhamiri Yangu." Mshairi ajifananisha na mbuzi aliyefungwa shingoni, dhamiri ndiyo iliyomfunga, na kamba yenyewe haionekani. Majani yote yaliyo ndani ya mviringo wa kamba amekwisha kuyala. Ng'ambo yake kuna majani mengine anayoyaona wala hawezi kuyafikia. Basi, ndugu zangu wa Berega, Magubike na Mamboya, ni nani kati yetu asiyeijua picha hiyo? Mtoto wa darasa la pili ameshapiga mambo ya kumfungia mbuzi, na ameuona ule mduara wa majani yaliyoliwa mpaka ardhi ikawa nyeupe. Hapana haja ya nadharia ya Mfaransa wala ya Mjerumani ili kulifahamu shairi hili. Tena neno dhamiri si geni kwetu. Paulo alilitumia kwa Warumi, na wahubiri wetu hulitumia kila Kwaresima.

Lakini faida ya kulileta shairi hili kijijini isingalikuwa yetu tu, ingalikuwa ya uhakiki wenyewe. Kwa maana wahakiki wa Chuo Kikuu walipolisoma, walizungumza juu ya mtu aliyenyimwa uhuru wake, juu ya uchungu wa kuwa peke yake duniani, na mambo ya namna hiyo. Haya ni kweli, yamo. Walakini mfugaji angaliuliza swali lake: mbuzi hufungwa kwa nini? Hafungwi kwa kuonewa. Hufungwa kwa sababu pembeni yake kuna shamba la mahindi la jirani, na akiingia humo italetwa kesi kwa mwenyekiti wa kijiji. Tena hufungwa kwa sababu vichakani kuna fisi. Kamba inayomnyima majani ndiyo inayomlinda. Je, mshairi aiona kamba hiyo kuwa ya kumnyima tu, au ya kumlinda pia? Hilo ni swali zito, nalo lagusa moyo wa shairi, maana kwa jibu moja dhamiri ni gereza, na kwa jibu la pili ni ukingo. Mimi naona hapo ndipo Mkristo anapaswa kubishana na Kezilahabi kwa heshima, pasipo kukitupa kitabu chake. Lakini mabishano hayo mazuri hayakufanyika, kwa kuwa watu wenye mbuzi hawakualikwa.

Basi mtu atasema, maneno yako yaonyesha kwamba mhakiki awaandikie wote, na habari imekwisha. La, haijakwisha. Mtume Paulo alikutana na jambo la namna hii katika kanisa la Korintho, ambako walikuwako watu wenye kipawa cha kunena kwa lugha ambazo wengine hawakuzielewa, nao walifurahia sana kipawa chao. Soma mlango wa 14 wa waraka wa kwanza. Paulo asema kwamba kanisani yeye huona heri maneno matano yenye kueleweka kuliko maneno elfu kumi yasiyofahamika. Hapo watu wengi huishia. Lakini hakuwakataza wale wanenao kwa lugha; tena asema yeye mwenyewe hunena kuliko wao wote. Alichotaka ni kwamba awepo mfasiri. Ujuzi wa ndani hakuudharau. Alidai tu utafsiriwe, na ikiwa hapana wa kuutafsiri, mwenye nao anyamaze katika kusanyiko, aseme na nafsi yake na Mungu.

Mimi naona Paulo alikuwa sawa hata katika jambo letu dogo, maana tukiwafukuza mafundi, tutapata hasara iliyo mbaya zaidi. Nitaleta mfano wa kanisani. Nyimbo nyingi tulizorithi kwa wamisheni zilitungwa kwanza kwa Kiingereza au Kijerumani, na maneno ya Kiswahili yakatiwa baadaye katika tuni ile ile. Sasa kila neno la Kiswahili, isipokuwa machache sana, huwekewa mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho. Twasema "Bwana" tukiikaza "bwa," twasema "mwokozi" tukiikaza "ko." Lakini tuni za Kiingereza mara nyingi hukaza na kuvuta ile silabi ya mwisho ya mstari, kwa kuwa Kiingereza kina maneno mengi ya silabi moja. Basi tukiimba twajikuta tunaivuta "na" ya Bwana na "zi" ya mwokozi, na kuimeza ile silabi iliyostahili heshima. Tena mahali pengine mfasiri alikosa nafasi, akabana maneno matatu katika nafasi ya mawili, nasi twayakimbilia kama watu wanaokimbia mvua. Mzee wa kanisa asiyejua lolote la muziki husikia kwamba kuna kitu hakikai sawasawa. Hajui kukitaja. Ajuaye kukitaja ni fundi wa mizani na mkazo, yaani yule yule mhakiki tuliyemwona hapo juu akihesabu silabi kwa vidole. Akija na kueleza, akatuambia tamkeni neno hili kwanza kama mnavyolitamka nyumbani, kisha liimbeni, kwa dakika moja mzee amepata jina la jambo lililomsumbua miaka yote. Na kwaya zetu ambazo sasa hutunga nyimbo zao zenyewe zikisikia hivyo, zitajua namna ya kuepuka kosa lile.

Kwa hiyo mafundi wakisema kwamba asiyejua mizani asihukumu shairi, nakubali nusu na kukataa nusu. Mwanamke aliyenunua chungu kinachovuja hana haja ya kujua kufinyanga ili aseme kinavuja. Lakini aliyefinyanga ndiye awezaye kumwambia ni kwa nini, kama ni udongo uliochanganywa vibaya au ni moto uliokuwa hafifu. Mwanamke asinyamazishwe, na mfinyanzi asiseme na wafinyanzi wenziwe tu.

Mfano mwingine nitaupita upesi, nao ni Biblia. Mwaka 1937 ilitoka Biblia ya Kiswahili iliyofasiriwa na Karl Roehl, Mlutheri Mjerumani, ambaye alijitahidi kuyapunguza maneno yenye asili ya Kiarabu, akiamini kwamba Kiswahili kitakaa zaidi katika ukoo wake wa Kibantu. Mabishano yaliyoizunguka yalihusu zaidi nasaba ya maneno: hili limetoka wapi, na lile ni la nani. Hayo ni mambo ya kupendeza kwa mwenye kuyajua. Msikilizaji wa Ukaguru, ambaye Kikaguru ndicho alichokinyonya kwa mamaye na Kiswahili alikipata shuleni na kanisani, alikuwa na swali jingine: nikisomewa, naelewa? Kwake yeye neno la Kiarabu lililozoeleka lilikuwa jepesi kuliko neno la Kibantu lililofufuliwa. Biblia ya Muungano, iliyotoka mwaka 1952, ndiyo iliyokaa katika makanisa mengi, nayo haikuyaogopa maneno ya Kiarabu.

Sasa sina budi kugusa upande wetu, sisi tuandikao katika magazeti ya misheni, maana si haki kuwalaumu watu wa Chuo Kikuu na kujisifu wenyewe. Sisi hujidai kwamba twaandikia watu wote. Lakini tazameni jinsi tunavyopima vitabu. Kitabu kikija, twaandika mistari sita: kitabu hiki ni kizuri sana, kina mafundisho mema, chafaa kiwe katika kila nyumba ya Kikristo. Mwezi wa pili kinakuja kingine, nacho ni kizuri sana, nacho chafaa kila nyumba. Mimi sikumbuki kuona hata mara moja gazeti la namna yetu likisema kwamba kitabu fulani kina maneno ya kweli lakini kimeandikwa kwa uvivu. Twaogopa kumvunja moyo mwandishi, hasa akiwa padre. Au twadhani kwamba msomaji wa kijijini hawezi kuvumilia neno zito, kwamba yeye apewe uji tu. Hivyo sivyo kumwandikia mtu wa kawaida. Huko ni kumdharau. Mtu huyu mnayemdhania mtoto, yeye huyo hukaa barazani siku nzima akipima kesi ya mpaka wa shamba, akisikia mashahidi wawili wanaopingana, akitambua ni yupi anayeficha neno. Hashindwi kusikia kwamba kitabu kina wema upande huu na kasoro upande ule.

Tena kuna jambo la fedha. Mtu wa mjini akidanganywa na mhakiki, amepoteza kidogo; atanunua kingine. Huku kwetu bei ya kitabu ingaliweza kununua daftari za mtoto, au chumvi na sabuni ya siku nyingi. Mtu akikinunua kwa neno letu, akakuta hakimfai, hatapoteza fedha tu. Ataacha kununua vitabu kabisa, na labda atawaambia jirani zake waache. Mhakiki anayesifu kila kitu hufunga duka la vitabu polepole.

Na kitabu kikiingia nyumbani, hakisomwi na mmoja. Husomwa kwa sauti, mmoja akisoma na wengine wakisikiliza, na kati ya wasikilizao wamo bibi na babu wasiojua herufi. Kwa hiyo mhakiki anayedhani anaandikia wasomaji wachache amekosea hesabu. Nyuma ya kila msomaji kuna masikio. Hili lingebadili namna ya kupima. Kabla ya kusema sentensi za kitabu ni nzuri, mhakiki angezisoma kwa sauti mbele ya watu, aone pumzi inakatikia wapi, aone ni wapi bibi anaitikia na wapi anasinzia. Sijui kipimo kilicho kikali kuliko hicho, nacho hakitaki digrii.

Naona basi kwamba mhakiki na aandike kwa msomaji wa kawaida aliye tayari kufanya kazi kidogo, naye fundi asikilize kando. Akisikia kosa, apige kelele. Asiandike kwa fundi huku mtu wa kawaida akichungulia dirishani. Kuna wakati wa kuyageuza haya: mafundi wakiwa na mkutano wao, waseme kwa lugha ya ufundi, si dhambi, kama vile waganga wa hospitali yetu hapa Berega wanavyosemezana juu ya dawa kwa majina ambayo mgonjwa hayajui. Lakini mganga akitoka na kuja kitandani, hubadili maneno bila kubadili ukweli. Gazeti la mwezi ni kitanda cha mgonjwa, si chumba cha waganga.

Ningependa mtu mmoja alijaribu jambo hili katika kurasa hizi, na kazi ya kuanzia iko karibu. Mathias Mnyampala, aliyezaliwa mwaka 1917 na kufariki mwaka 1969, alikuwa Mgogo wa Dodoma, yaani jirani yetu, tena Mkristo wa Kikatoliki. Watu wanamkumbuka kwa ngonjera, ambazo baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 zilienea katika shule zote. Na wahakiki wengi wamezidharau ngonjera hizo kuwa ni siasa iliyotiwa vina. Yawezekana kwa ngonjera walisema kweli. Lakini Mnyampala alitunga pia Utenzi wa Enjili Takatifu na Utenzi wa Zaburi, na hivyo havijapimwa kwa ajili yetu hata kidogo. Mafundi waliviacha kwa kuwa ni vya dini, na watu wa dini tukavisifu kwa kuwa ni vya dini.

Mimi nataka mtu aketi navyo pamoja na Injili yenyewe, aeleze kwa maneno mepesi mambo yalivyokwenda. Maana utenzi kwa kawaida una mizani nane tu katika kipande, na vipande vitatu vya kwanza hutakiwa vilingane mwisho wake, na cha nne kishike kina kimoja kutoka ubeti wa kwanza hata wa mwisho. Sasa jina la Yerusalemu peke yake lala mizani tano, na kumebaki tatu za kusemea jambo. Bethlehemu lala nne. Mafarisayo lala tano. Mtunzi akibanwa hivyo hana budi ama kulipunguza jina, ama kuliacha, ama kuongeza neno lisilokuwamo katika Injili ili kipande kitimie. Je, Mnyampala alifanya lipi, na mahali gani? Alipoongeza neno, liliichafua habari au liliiangaza? Na habari zenye mazungumzo marefu, kama ile ya mwanamke Msamaria kisimani, zilivumilia kukatwa vipande vya mizani nane nane, au zilipoteza yale maswali na majibu yanayozifanya kuwa hai? Atakayejibu atahitaji kujua kuhesabu mizani barabara, na atahitaji kuijua Injili kama aijuavyo bibi mzee wa kanisa la Berega aliyeisikia mara mia. Akikosa mmoja wa watu hao wawili ndani yake, na amtafute wa pili, wakae mkeka mmoja.